Robo Saa Kabla ya Magharibi

Ukungu ulishuka mjini Kef tangu saa tisa mchana, na ilipofika alasiri mnara wa msikiti haukuonekana tena kutoka dirisha la jiko la Bi Mongia. Hilo halikumshughulisha mtu. Ilikuwa Ramadhani, na jua, lionekane lisionekane, kila mtu alijua msikiti wenyewe ungetangaza limezama lini.

Naziha, mkamwana wa Bi Mongia, alikuwa akikaanga briki, zile chapati nyembamba zinazokunjwa na yai ndani. Mumewe Lamjed, muuza matairi, alishakaa mezani mbele ya bakuli la supu ya ngano, kijiko mkononi, amekunja uso kama mtu anayesubiri basi. Baba mtu, Hajj Beshir, alikuwa bafuni akitia udhu.

Saa kumi na mbili kamili adhana ikatoka.

"Bismillahi," Bi Mongia akasema, akatia tende mdomoni.

Lamjed akanywa vijiko vitatu bila kupumua. Naziha akatupia jicho simu yake juu ya friji.

"Mama, simu inasema bado."

"Simu ya nani?"

"Yangu."

"Na simu yako imeanza lini kuadhini?" Bi Mongia akachukua tende ya pili. "Kaa ule, briki inapoa."

Sauti iliyokuwa ikitoka mnarani ilikuwa ya Hajj Beshir, kama kila jioni kwa miaka mingi. Hajj mwenyewe alitoka bafuni na mikono inayochuruzika maji, miguu mitupu, mkono mmoja wa kanzu umekunjwa na mwingine umeteremka. Akafungua mdomo.

Miaka mitatu nyuma alifanyiwa upasuaji wa koo, na kilichobaki baada ya hapo ni mnong'ono ambao mtu lazima ainame ndipo ausikie. Kamati ya msikiti ilikuwa imeanza kutafuta mwadhini mwingine. Naziha, ambaye kazi yake ni kuandika programu kwa kampuni moja ya Tunis akiwa nyumbani, alipata kanda ya zamani yenye sauti ya mkwewe. Akaisafisha, akaitia kwenye kompyuta yake kuukuu, akaiweka kompyuta hiyo katika stoo ya msikiti. Kisha akaiandikia skripti, yaani mistari michache ya amri ambayo kompyuta huisoma mmoja baada ya mwingine: angalia saa, linganisha na ratiba ya swala, wakati ukifika piga sauti. Siku ya kwanza watu walilia. Siku ya kumi walikuwa wameshazoea, na Hajj akaendelea kuitwa mwadhini.

"Bado," alinong'ona sasa.

Hakuna aliyemsikia, kwa kuwa sauti yake mwenyewe ilikuwa ikinguruma dirishani. Akamnyang'anya Lamjed kijiko.

"Baba! Vipi?"

"Bado!" Hajj akasema, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na nguvu hizo zikatoa mlio kama wa tairi linalovuja. Halafu akafungua mlango, akatoka mbio vilevile, peku.

Mlango wa kwanza aliougonga ulikuwa wa Jilani mchinjaji. Jilani akamwona mzee wa watu anahema, hana viatu, jioni ya futari, akaelewa jambo moja tu.

"Hajj! Karibu, karibu, ingia! Lete sahani nyingine huko!"

Hajj akatikisa kichwa, akaonyesha mnara, akaonyesha mdomo, akapunga mkono kukataza.

"Anasema ana kiu," mke wa Jilani akafasiri, na Hajj akatiwa glasi ya maziwa mkononi.

Mlango wa pili ulikuwa wa Munji fundi umeme. Mkewe, Hayet, alipomwona mzee anapiga kooni na hatoi sauti, alidhani amekwamwa na kokwa ya tende. Akamgeuza, akampiga mgongoni mara kadhaa kwa kiganja kilichozoea kukanda mkate. Hajj alipopata pumzi, adhana ilikuwa imefika "hayya alal-falah". Mlango wa tatu hakuugonga. Alikaa tu kwenye kizingiti chake, na hapo ndipo Naziha alipomkuta, yeye akiwa na ndara za mkwewe mkono mmoja na ufunguo wa stoo mkono mwingine.

"Nenda," Hajj akanong'ona. "Izime."

Naziha akakimbia. Alipochomoa waya, adhana ilikuwa imebakiza maneno yake ya mwisho, kwa hiyo mtaa ulisikia karibu yote, na ukaendelea kula.

Robo saa baadaye, kutoka bondeni ndani ya ukungu, zikaanza kusikika adhana za misikiti mingine. Ulianza mmoja, wa pili ukafuata, kisha ikawa yote pamoja. Mtaa wa juu ukanyamaza. Vijiko vilisimama hewani katika nyumba zaidi ya mia. Ilibidi msikiti wao nao uadhini tena, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, Si Taher, yaani Bwana Taher, mwenyekiti wa kamati, akashika kipaza sauti. Si Taher alikuwa mtu wa kuuza saruji kwa jumla, na aliadhini kama mtu anayehesabu mifuko.

*

Baada ya tarawehe hakuna aliyeondoka. Wanaume walibaki wamekaa kwenye mazulia, wanawake wakasimama nyuma ya pazia lao, pazia likatuna.

Imamu, Sheikh Nasreddine, alikuwa bado kijana, na aliyoyasema aliyasema kwa sauti ya chini.

"Aliyekula atailipa siku hii baada ya Idi. Siku moja kwa siku moja. Hakuna kafara, hakuna dhambi kwa asiyejua."

"Mimi nilijua," Jilani mchinjaji akasema. "Nilitazama nje nikasema, hapana, hii ni mapema."

"Mbona ulikula?"

"Kwa heshima ya msikiti."

"Mimi sikula," mwingine akasema. "Nilikunywa supu tu."

"Supu si chakula?"

"Ilikuwa nyepesi."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akauliza kama aliyekuwa anaonja chumvi tu naye anailipa. Sheikh akamuuliza aliionja mara ngapi.

Kisha Si Taher akasimama, na watu wakajua sasa linakuja jambo lenyewe. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa asubuhi ile. Mpya ilikuwa imeletwa na mpwa wake kutoka Lyon, nyeupe, ndogo kama sahani ya biskuti, na iliwashwa baada ya swala ya alasiri siku hiyohiyo.

"Nataka niseme mapema," Si Taher akasema. "Ile kompyuta ni mpya. Mpwa wangu kaitoa kwenye boksi. Haiwezi kuwa na kosa."

Hakutaja jina la mtu. Aligeuka tu akamtazama Hajj Beshir aliyekaa safu ya mbele, miguu sasa iko ndani ya soksi za Lamjed, na watu wote wakamtazama pia.

"Hajj wetu ametumikia," Si Taher akaendelea. "Hakuna anayekataa. Labda sasa ni wakati wa kumwacha apumzike. Tutatafuta mtu mwenye sauti yake kifuani."

Hajj akafungua mdomo. Aliyekuwa karibu naye akainama kumsikiliza, lakini kabla hajafasiri, Lamjed akasimama.

"Umeme," akasema.

"Umeme umefanya nini?"

"Umekatika. Kidogo tu, kama kufumba na kufumbua. Kompyuta ikapoteza saa. Ikaadhini."

Msikiti mzima ukashusha pumzi. Umeme kila mtu alikuwa na ugomvi nao. Jilani alikumbuka hata friji yake ilivyotetemeka. Ikawa kama jambo limekwisha, mpaka Si Taher alipouliza, kwa utaratibu wa mtu anayefunga hesabu:

"Nyaya za stoo alifunga nani?"

Alifunga Munji. Munji alikuwa amekaa karibu na nguzo, mtu mwembamba anayevaa koti la kazi hata siku ya sikukuu.

"Nyaya zangu hazina kosa," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu walikuwa wameshaanza kutafuta viatu. Kabla hawajatoka, kamati ilikuwa imeamua mambo mawili: taa za Idi mwaka huu zifungwe na fundi mwingine, na Hajj Beshir asiguse kitu mpaka mambo yachunguzwe.

*

Asubuhi Naziha aliomba arudishiwe ufunguo wa stoo, ambao kamati ilikuwa imeuchukua usiku, akaenda na mkwewe. Si Taher hakupenda, lakini Sheikh Nasreddine alimwambia anayetengeneza ndiye anayejua pa kuangalia, akampa.

Stoo ilikuwa na mazulia yaliyokunjwa na feni mbovu. Naziha alikaa juu ya zulia, kompyuta nyeupe mapajani, akaiambia skripti ijiendeshe hatua moja moja mbele ya macho yake. Hajj alikaa juu ya zulia lingine, mikono magotini. Haikuchukua muda. Naziha aliisoma mistari minne kwenye kioo, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kompyuta.

"Umeme?" Hajj akanong'ona.

"Hapana, Baba. Mimi."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa inaendeshwa na mfumo uitwao Linux. Hii ni ya ukoo uleule, ukoo wa Unix, ila ni tawi jingine. Zinafanana sana. Amri nyingi zina jina lilelile huku na huku. Sasa kuna amri ya tarehe. Kule, nikiiongezea herufi moja, inachukua 'saa kumi na mbili na robo' ya kwenye ratiba na kuigeuza hesabu ya sekunde. Huku herufi hiyo haina kazi hiyo. Ikalalamika mahali ambapo hakuna mtu wa kusoma, ikarudisha utupu."

"Utupu."

"Hakuna kitu. Skripti yangu ikauchukua ule utupu kama sifuri. Saa kumi na mbili kamili ikaamka kama nilivyoipangia, ikajiuliza: je, saa ya sasa imeshapita sifuri? Imepita. Basi adhini."

Hajj aliisogelea kompyuta, akaitazama. Nje mtu alikuwa akifagia ua wa msikiti.

"Jana uliijaribu," akanong'ona. "Nilikuwepo."

"Nilijaribu sauti, Baba. Ikatoka vizuri."

"Na saa?"

"Saa sikuijaribu. Kwenye ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi." Naziha alisema hivyo akizitazama zile feni mbovu. Kule kazini alikuwa ndiye anayewafundisha wanaoajiriwa wapya jambo hilihili: usiandike kwa kompyuta yako, andika kwa zote, wala usidhani kwamba majirani wawili wanaosalimiana kwa maneno yaleyale wanaelewana. Alikuwa akilisema kila mwezi, na watu walikuwa wakiandika.

"Mimi pia nilisikia sauti tu," Hajj akanong'ona. "Nikafurahi, nikaenda nyumbani."

*

Mchana huo Hayet, mke wa Munji, alikuja kurudisha sahani. Siku mbili nyuma Bi Mongia alimpelekea makrudhi, zile keki ndogo za tende, juu ya sahani hiyo, na kwa desturi ya mtaa ingerudi na chochote, hata iwe ndimu tatu. Ilirudi tupu, imeoshwa, imekaushwa vizuri sana.

Bi Mongia aliipokea kwa mikono miwili.

"Ingia, Hayet."

"Sina nafasi, Bi Mongia. Nina kazi nyumbani. Munji yupo nyumbani, unajua mwanaume akiwa nyumbani."

"Hana kazi leo?"

"Alikuwa na taa za Idi." Hayet akatengeneza mtandio wake. "Na yule daktari wa kona alikuwa amwite kwa ile nyumba yake mpya. Amesikia nyaya za msikiti zilichoma saa ya kompyuta. Amesema atafikiri kwanza."

"Nyaya haziwezi kuchoma saa," Bi Mongia akasema, ingawa hakuwa na hakika.

"Mimi sijui mambo hayo. Mimi najua nilimpiga Hajj mgongoni nikidhani anakufa. Mwambie anisamehe." Akaondoka.

Bi Mongia aliiweka sahani mezani. Lamjed aliporudi kutoka dukani aliikuta hapo, na mkewe na mama yake wamekaa kila mmoja upande wake, hakuna anayepika.

"Kuna nini?"

"Keshokutwa ni mkutano wa kamati," Naziha akasema. "Nitakwenda niseme ilikuwa skripti yangu."

"Umerukwa na akili?"

"Lamjed," mama yake akaonya.

"Niacheni niongee. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema umeme. Sasa mke wangu akasimame aseme si umeme, mimi niwe nani? Na Baba? Wakijua ni mambo ya skripti watasema haya, tuondoleeni kompyuta, na Hajj wenu pamoja nayo. Hiyo sauti ndiyo imembakisha pale. Ikitoka, anatoka."

"Na Munji?"

"Munji ana kazi nyingine."

"Kazi gani nyingine?"

Lamjed akafikiri. "Atapata," akasema.

Hapo Hajj Beshir, aliyekuwa amelala kwenye kochi la chumba cha pili akidhaniwa kasinzia, akatokea mlangoni. Alimwita mwanawe kwa kidole. Lamjed akaenda, akainama, maana na mtu wa namna hiyo huwezi kugombana ukiwa umesimama wima. Lazima umpe sikio.

Alichoambiwa hakikusikika na wengine. Kilikuwa kirefu. Lamjed aliitikia "ndiyo, Baba" mara tatu, na masikio yake yakawa mekundu kuanzia la upande aliokuwa akinong'onezewa.

"Amesema nini?" Naziha akauliza baadaye.

"Amesema nitasimama mimi kwanza."

*

Kwa siku mbili hizo Naziha aliandika upya. Aliondoa kila amri ambayo tawi moja la ukoo lina maana yake na tawi jingine lina nyingine, akabakisha zile za zamani kabisa ambazo kila mfumo unazielewa vilevile. Saa na dakika alizikokotoa mwenyewe kwa kuzidisha na kujumlisha, bila kuomba msaada wa amri ya tarehe zaidi ya kuiuliza sasa ni saa ngapi. Akaijaribu kwenye kompyuta za kazini za aina tano tofauti, moja ikiwa kuukuu kiasi kwamba mwenzake wa Tunis alilazimika kuipigapiga ubavuni ndipo iwake. Zote zikatoa jibu moja. Na penye swali la mwisho akaandika kwamba isipojua wakati, isiadhini. Ilikuwa kazi safi, na yeye mwenyewe alijua ni safi.

Mkutano ulifanyika uani baada ya alasiri, jua linawaka kama vile ukungu haukuwahi kuwepo. Lamjed akasimama kwanza.

"Nilisema umeme," akaanza. "Haukuwa umeme. Nilisema tu. Munji, nyaya zako hazina kosa."

"Nilisema hivyo," Munji akajibu.

"Ulisema."

"Hakuna aliyesikia."

"Mimi nilisikia," Lamjed akasema. "Nilikaa kimya. Nisamehe, ndugu yangu. Kwa daktari nitakwenda mwenyewe nikamwambie."

"Kamwambie leo," Munji akasema. "Kesho anamwita fundi wa Jendouba."

Kisha Naziha akasimama karibu na mlango wa wanawake, akaeleza kama alivyomweleza mkwewe, kwa maneno machache zaidi. Watu walimsikiliza kwa uso wa heshima ambao watu huwa nao wasipoelewa. Jilani peke yake ndiye aliyeshika kitu.

"Kwa hiyo tulifuturu kwa sifuri."

"Ndiyo, Si Jilani."

"Nimekula briki mbili kwa sifuri."

Watu wakacheka, wengine kwa kulazimika, na hali ikalegea. Si Taher akainua kidole.

"Nataka nielewe jambo moja tu. Kompyuta ya mpwa wangu ina kosa?"

"Haina."

"Basi iandikwe kwenye kumbukumbu," Si Taher akasema, akakaa, na kwa upande wake mkutano ulikuwa umekwisha.

Sheikh Nasreddine alikuwa amekaa muda wote akichora mstari vumbini kwa kijiti. "Binti, nikuulize. Naelewa kwamba haikujua saa. Hilo linaweza kumpata yeyote. Lakini ilipokuwa haijui, kwa nini haikunyamaza?"

"Sikuiambia inyamaze, Sheikh."

"Ulidhani itajua yenyewe?"

"Sikudhani itakuja siku isijue."

Sheikh akatikisa kichwa polepole, si kwa kulaumu. Naziha akatoa karatasi, akasema ameandika nyingine, imejaribiwa, inafanya kazi kila mahali, na ikikosa wakati inanyamaza. Wajumbe wa kamati wakatazamana. Mmoja akasema skripti hapana, samahani binti, haikuwa kwa ubaya. Mwingine akasema bora sauti ya mtu yeyote, hata ya Si Taher. Kila mtu akaikumbuka sauti ya Si Taher.

Ndipo Hajj Beshir akamvuta Sheikh kwenye kanzu. Sheikh akainama, akasikiliza, akauliza kitu, akasikiliza tena.

"Hajj anasema," akatangaza, "kujua wakati alikuwa anajua mwenyewe kabla kompyuta haijazaliwa. Kilichoondoka kwake ni sauti, si macho wala akili. Kompyuta imtunzie sauti tu. Yeye atakaa pale stoo kila swala, na wakati ukiingia atabonyeza kwa mkono wake. Akikosea, mkono ni wake, mumtoe."

Hilo walilielewa wote. Jilani akauliza usiku wa baridi itakuwaje. Hajj akanyanyua mabega. Munji akasema atamwekea hita ndogo stoo, waya wake mwenyewe. Kwa hiyo ikapita.

Naziha alirudi nyumbani na karatasi yake. Jioni hiyo akafuta kazi ya siku mbili, akaandika mstari mmoja: piga sauti hii. Halafu akakumbuka kwamba hata amri ya kupiga sauti ina jina moja huku na jingine kule, akaongeza mstari wa pili: hiyo ikikosekana, tumia ile. Akaijaribu. Akaijaribu tena. Kisha akaenda kumtafuta Hajj, akamwambia safari hii waijaribu pamoja, tena kwa saa yenyewe, mpaka jua litue.

*

Wiki ya pili baada ya Idi mtaa wa juu ulikubaliana kuilipa siku ile Jumatatu, wote kwa pamoja, ili asiwepo mtu wa kula mbele ya mwenzake. Jilani alifungua bucha saa nane tu. Daktari wa kona, ambaye siku ile hakuwa amefunga kwa sababu ya kisukari, alizunguka siku nzima bila kupata mtu wa kunywa naye kahawa. Munji alikuwa juu ya ngazi katika nyumba mpya ya daktari huyo, akifunga taa za sebuleni, naye amefunga.

Jioni walikaa mezani watatu. Hajj alikuwa stoo na hita yake. Hata ndege walisikika, na Lamjed, aliyekuwa amewahi kuchota supu, alikuwa ameweka simu kando ya bakuli, na mkono juu ya simu.

Adhana ikatoka kwa wakati. Lamjed akatazama simu, akatazama dirishani, akamtazama mkewe, ndipo akanywa. Naziha akala tende. Bi Mongia peke yake hakugusa kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu sauti inapopita.

"Mama, imeingia. Kula."

"Ngoja."

"Unangoja nini?"

"Hapo." Bi Mongia akainua kidole. Sauti ya Hajj ilikuwa ikivuta "hayya alas-salah", na katikati ya kuvuta ikapanda juu kwa ghafla, kidogo tu, kisha ikatulia. "Umesikia? Hapo alikuwa amenikasirikia."

Lamjed akaacha kutafuna.

"Siku waliyorekodi ile kanda tuligombana asubuhi. Nilitaka twende Gabes kwa mama yangu, yeye hataki. Akaondoka bila kunywa kahawa. Akaenda akaadhini hivyo hivyo, na hasira yake." Akasikiliza mpaka mwisho, mpaka kipaza sauti kikakoroma na kuzimika. "Miaka mitatu sasa kila jioni nasikia ule ugomvi. Mtaa mzima unausikia, hawajui tu."

Naziha alikuwa ameshika kipande cha mkate. Alitafuta la kusema, na alichokipata kilikuwa cha kazi yake.

"Mama, pale ninaweza kupasawazisha. Ni jambo la dakika mbili. Hatutasikia tofauti."

Bi Mongia alimgeukia haraka kuliko kawaida yake.

"Usiguse," akasema. "Hasa wewe. Hapo ndipo ninapomsikia yeye mwenyewe." Kisha akachukua tende, akapiga bismillahi, akala.